Milimita 100 za Mvua ni Madumu Mangapi?

Kila inapokaribia masika, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza tahadhari, nasi wataalamu wa ardhi hupita kwenye shehia za Pemba kuifafanua. Upande wa Wete bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hizo milimita 100 ndiyo mvua gani?"

Milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 100, limepokea lita 6,000: madumu 300 ya lita 20. Yote yanamwagika nyuma ya nyumba, na nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa kukata kilima, mkato wenyewe ukiwa hatua chache tu kutoka ukutani.

Mashariki ya Unguja, kwenye maweni, maji huzama upesi katika nyufa za mawe. Vilima vya Pemba ni matabaka ya mchanga na ya mfinyanzi. Maji hupenya mchangani, yakifika kwenye mfinyanzi hukwama. Udongo wa juu unazidi uzito na papo hapo unapoteza mshiko, na kilima kilichokatwa hakina tena egemeo lake la chini. Ndiyo maana huweza kuporomoka siku ya mvua ndogo, ikiwa siku zilizotangulia zimeshakilowesha.

Kwa hiyo panda ukatazame juu ya mkato. Ufa uliojipinda kama mwezi mchanga, mkarafuu ulioanza kuinama, chemchemi mpya au maji safi yaliyogeuka tope: hizo ni dalili za ardhi inayotembea. Ukiona ufa unapanuka, hama na watu wako kabla ya usiku na umwarifu sheha. Usingoje mvua ikatike. Na kabla ya masika, weka mlizamu upeleke maji ya paa mbali na mkato. Ni kazi ndogo yenye faida kubwa mno.

Mabondeni mashaka ni mengine. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na hujaa mnamo saa 10 alfajiri na jioni. Mvua kubwa ikiangukia saa hizo, maji ya bonde la mpunga hayana pa kutokea. Wavuvi wanazijua saa hizo kwa kichwa, wakulima wanajua bonde lipi hufurika kwanza, nasi tuna utabiri. Nataka watu hawa wakae mkeka mmoja.

Tunazo pia picha za droni, zilizoanza kupigwa mwaka 2016 kuchora ramani ya visiwa vyetu. Ukizichapa kubwa na kuzitandaza chini, kila mtu anaitafuta nyumba yake, kisha anakuonyesha kalvati lililoziba ambalo picha haikuliona. Ramani zilizochorwa hivyo zibandikwe ofisini kwa sheha, zisifungiwe kwenye kompyuta zetu mjini.