Karate, judo na kickboxing chini ya paa moja: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mzazi akiulizia klabu inayofundisha karate, judo na kickboxing kwa pamoja, hakosi mtu wa kumtupia methali: mshika mawili moja humponyoka. Methali yenyewe haina kosa. Kwenye dojo (ukumbi wa mazoezi), hata hivyo, huwa inatumika kuficha mambo mengi ambayo watu hawajayachunguza.

Dhana: Mtindo halisi ni ule usiochanganywa na mwingine.

Ukweli: Ukiutafuta mtindo huo utachoka. Jigoro Kano alipoanzisha judo huko Tokyo mwaka 1882, alikuwa ameshasoma jujutsu, sanaa ya kale ya kupigana ya Kijapani, za shule mbili, Tenjin Shin'yo-ryu na Kito-ryu, na judo ni zao la zote mbili. Gichin Funakoshi alipotoka Okinawa kwenda kuonyesha karate Tokyo mwaka 1922, Kano alimkaribisha Kodokan, dojo lake la judo. Miaka miwili baadaye Funakoshi akaanza kutunuku dani, yaani madaraja ya mkanda mweusi, kwa mfumo wa Kano. Kwa hiyo mkanda mweusi, unaolindwa kama nembo ya karate safi, uliazimwa kwa jirani! Hironori Ohtsuka naye alitokea kwenye jujutsu, akasoma karate kwa Funakoshi, akazalisha mtindo wa karate uitwao Wado-ryu.

Ninayempenda zaidi ni Minoru Mochizuki. Mwaka 1930 Kano alimtuma kijana huyu, mwanafunzi wake wa judo, akajifunze kwa Morihei Ueshiba, mwasisi wa aikido. Mwaka uliofuata Mochizuki akafungua dojo lake Shizuoka, akaliita Yoseikan, na humo mitindo kadhaa ikaja kufundishwa pamoja. Kama mwasisi wa judo hakuona aibu kumtuma mwanafunzi wake kwa mwalimu mwingine, sijui sisi tunamlinda nani. Wanaodhani mseto ulizaliwa na UFC, mashindano ya Marekani ya mapigano ya mitindo mchanganyiko, mwaka 1993 wamechelewa kwa miongo mingi.

Dhana: Mwenye mikanda mitatu ni hatari mara tatu.

Ukweli: Mikanda haijumlishwi. Anayefanya mazoezi saa nne kwa wiki akazigawa kwa mitindo mitatu, kila mmoja unapata saa moja na ushee. Hapo methali ina haki yake. Ndiyo maana klabu zenye akili humpa anayeanza mtindo mmoja wa msingi kwanza, mingine ikafuata baadaye.

Dhana: Mitindo itagongana, mwili utavurugika.

Ukweli: Inagongana kweli, ila chanzo ni sheria za mashindano. Chukua mchezaji wa taekwondo. Anasimama ubavu, mguu wa mbele mwepesi, kwa kuwa kwenye taekwondo ya Olimpiki teke la chini ya kiuno haliruhusiwi. Mpeleke kickboxing inayoruhusu mateke ya paja: mguu ule ule wa mbele unapigwa nyuma ya paja, na kwa alivyogeuka hawezi kuuinua upesi akakinga kwa ugoko. Baada ya mateke machache anachechemea. Mtu wa judo naye ananyoosha mikono kutafuta ukosi na mkono wa nguo, kidevu kimebaki wazi kwa ngumi. Wa karate ya pointi amezoea kuizuia ngumi kabla haijatua, kisha anasubiri mwamuzi asimamishe.

Dawa yake ni rahisi: mwalimu atangaze sheria kabla ya kila raundi. "Hii ngumi tupu. Inayofuata, kushikana na kuangushana." Mwanafunzi akizoea kubadilika kwa amri, mwili haupotei.

Tena kuna ujuzi ambao haugombani na mtindo wowote, nao ni kuanguka. Kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, pumzi inatoka, mgongo unajikunja, na mkono mzima, kuanzia kiganja, unapiga mkeka pembeni ya mwili. Usiutangulize nyuma kujizuia, maana kifundo cha mkono au kiwiko ndicho kitakacholipa. Wanajudo hulifanya hilo tangu siku za mwanzo. Mpiga mateke aliyejifunza hilo hana haja ya kuogopa kila anapodakwa mguu, na hata anayeteleza bafuni atalihitaji.

Dhana: Sensei (mwalimu) mmoja hawezi kujua yote, basi klabu hiyo ni ya kitapeli.

Ukweli: Wapo walioiva mitindo miwili, wachache. Anayedai mitano, muulize kila dani alipewa na nani na chama gani. Klabu inayomleta mwalimu mwingine wa judo kila Jumamosi inanipa imani kuliko sensei mwenye vyeti ukuta mzima. Kisha tazama sakafu. Kata (mfululizo wa mapigo unaofanywa bila mpinzani) na mateke vinafanyika hata kwenye saruji. Judo haifanyiki bila mikeka. Ukiona watoto wanaangushwa kwenye saruji na unaambiwa "tunaenda taratibu," mchukue mtoto wako mwende nyumbani.