Bayomu kwa watoto wa Mombasa: pima kwanza, picha baadaye

Mwulize mtoto wa Gredi ya 5 hapa Mombasa savana ni nini, atakujibu bila kusita: simba. Jangwa je? Ngamia. Na msitu wa mvua? Nyani. Vitabu vyetu vinaanza na mnyama, bango la ukutani linaanza na mnyama, na vishikwambi vilivyoanza kugawiwa shule za msingi za serikali mwaka 2016 vimetuletea picha zilezile kwa rangi za kuvutia zaidi. Mtoto anamaliza mada akiwakumbuka wanyama wote, lakini mwonyeshe picha ya mahali pageni pasipo na mnyama hata mmoja, hajui aanzie wapi.

Kazi yangu ni kuwasaidia walimu wa shule za msingi kutumia teknolojia katika masomo ya sayansi, na mada hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Bayomu ni eneo kubwa la dunia lenye hali ya hewa ya namna moja, na ndiyo sababu mimea na viumbe wake hufanana hata maeneo yenyewe yakiwa mabara mbalimbali. Mvua na joto ndivyo vinavyoamua kitakachoota hapo. Mnyama anakuja baadaye, kufuata majani au kumfuata anayekula majani. Kwa hiyo kifaa chochote kinachomsaidia mtoto kupima mvua na joto, na kuzifanyia kazi namba hizo, nakikaribisha darasani. Kinachomwonyesha simba kwa ukaribu zaidi kinaweza kusubiri.

Tuanze na mvua. Ukimwambia mtoto wa miaka kumi "milimita elfu moja", hujamwambia kitu. Lakini mtungi wa lita 20 anaujua. Anauona kila siku juu ya mkokoteni wa muuza maji, na huenda jana kaubeba yeye mwenyewe. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Basi chora sakafuni kwa chaki miraba minne ya mita moja kwa mita moja, uwape watoto vizibo vya chupa, kila kizibo kiwe mtungi mmoja. Mombasa hupata mvua zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka: mitungi 50 na ushei. Lodwar ni karibu milimita 200: mitungi 10. Kakamega ni karibu 2,000: mitungi 100. Sehemu kubwa ya Sahara haifikishi milimita 100, yaani hata mitungi mitano haijai. Watoto wakishapanga vizibo, mmoja apande juu ya dawati apige picha kila mraba kutoka juu kwa kishikwambi, kisha picha zote nne ziwekwe pamoja kwenye skrini. Swali linalofuata huwa la miti: "Mwalimu, sasa mti wa Lodwar unaishije kwa mitungi kumi mwaka mzima?" Hapo ndipo pa kuwaonyesha mgunga, vijani vyake vidogo na mizizi yake inayokwenda chini kutafuta maji. Mtoto ameliuliza mwenyewe, na jibu atalishika.

Mvua ya shuleni kwenu ipimeni wenyewe. Kata chupa ya soda sehemu ya juu, uipindue iwe mrija wa kuingizia maji. Kitako cha chupa hizo kina mabonde, na mwalimu akiweka rula kuanzia chini kabisa namba zote zitakuwa za uongo. Tia kokoto, jaza maji mpaka pale ukuta wa chupa unaponyooka, na hapo ndipo sifuri. Kila asubuhi mtoto wa zamu anasoma, anaandika kwenye jedwali la kompyuta, na grafu inajichora yenyewe.

Joto tunalipima kwa micro:bit, kadi ndogo ya kielektroniki iliyobuniwa na BBC kwa ajili ya wanafunzi wa Uingereza na kuanza kugawiwa huko mwaka 2016. Inatumia betri mbili ndogo, na mtoto anaiandikia programu kwa kuburuta vipande vya amri kwenye skrini. Kipimajoto chake kimo ndani ya chipu yenyewe, kwa hiyo namba huwa juu kidogo kuliko joto la hewa. Kwetu si neno, maana tunatafuta tofauti. Weka moja chini ya mwarobaini, nyingine chini ya kibanda cha mabati, zote kivulini, saa sita mchana. Watoto wataona kwamba kivuli cha mti na kivuli cha bati si kitu kimoja, kwa kuwa mti unatoa mvuke wa maji kupitia majani yake na hewa inapoa. Msitu nao hujitengenezea hewa yake kwa njia hiyohiyo.

Sasa tunafika penye utamu. Mwanaikolojia wa Marekani Robert Whittaker alionyesha kwamba ukichora grafu yenye wastani wa joto upande mmoja na mvua ya mwaka upande wa pili, bayomu kubwa za dunia hujipanga humo, kila moja kwenye kona yake. Wazo hilo mtoto anaweza kuligeuza programu. Scratch, zana ya kompyuta ambayo mtoto huandikia programu kwa kupanga vipande vya amri, iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007, ni ya bure, ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti, na lugha yake inaweza kubadilishwa ikawa Kiswahili. Watoto wanamfanya paka wa Scratch, mhusika anayeonekana kwenye skrini, aulize maswali mawili: mvua ya mwaka ni milimita ngapi, na wastani wa joto ni nyuzi ngapi? Kisha wanaandika masharti. Mvua ikiwa chini ya 250, sema "jangwa". Joto likiwa chini ya sifuri, sema "tundra", yaani nchi ya baridi kali ya karibu na ncha ya dunia. Joto likizidi 20 na mvua ikizidi 2,000, sema "msitu wa mvua". Mvua ikiwa katikati kwenye joto hilohilo, sema "savana". Msitu wa baridi na mbuga za baridi wataziongeza siku nyingine.

Usiwaambie bado kwamba programu hiyo ina kasoro. Wape namba za Utqiagvik, mji wa kaskazini kabisa wa Alaska: wastani wa joto wa mwaka uko chini ya sifuri kwa mbali, na mvua pamoja na theluji iliyoyeyushwa haifikishi milimita 250. Paka atasema "jangwa". Fungueni picha ya huko wakati wa kiangazi: madimbwi kila mahali, ardhi imelowa. Watoto wataanza kubishana, na waache wabishane. Mmoja atagundua kwamba paka aliuliza mvua kwanza, akajibu kabla hajafika kwenye joto. Wanahamisha sharti la joto likae juu, na paka anasema "tundra". Hapo wamejifunza mambo mawili kwa pamoja: mpangilio wa masharti una uzito, na baridi kali inaweza kutawala kila kitu kingine.

Lakini bado kuna fumbo. Mvua chache namna ile, maji yote yale yametoka wapi? Jibu liko kwenye friji. Watoto wa Mombasa hawajaona theluji, ila barafu za ukwaju wanazila kila wiki. Jaza udongo uliolowa kwenye kikombe cha plastiki, uulaze kwenye friza usiku mzima, na asubuhi uuweke mezani. Simu iegemezwe hapo, ipige picha kila baada ya sekunde kadhaa. Baada ya muda, mtoto achomeke kijiti: kinazama kidogo kwenye udongo laini wa juu, halafu kinagonga. Chini bado ni jiwe. Mimina maji kijiko kimoja, nayo yanasimama pale juu, hayana pa kwenda. Tundra ndivyo ilivyo: tabaka la juu linayeyuka kiangazi, la chini limeganda mwaka hadi mwaka, maji hayanywei na mizizi mirefu haina njia. Kwa nini tundra haina miti mirefu? Baada ya kukigonga kile kijiti, mtoto anakueleza bila kufungua kitabu. Video ya picha zile zilizounganishwa ni ya kumbukumbu tu; somo liko kwenye kijiti.

Fumbo la pili ni la nyumbani kwetu. Weka namba za Mombasa: nyuzi kama 26, milimita 1,000 na ushei. Paka anasema "savana". Mtoto anayetoka Kwale hatakubali, maana Shimba Hills ni msitu, na mtoto wa Kimijikenda anazijua kaya, misitu ya wazee iliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Nani kakosea? Waulize hiyo mvua inanyesha miezi gani, hewa ya bahari ina unyevu kiasi gani, na watu wamekata nini, lini. Halafu wapeleke Haller Park, Bamburi, kama nauli ipo. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji. Joto lilikuwa lilelile la Mombasa na mvua ileile, lakini hapakuota kitu kwa kuwa udongo ulikuwa umeondolewa wote. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo, na mvinje ukastahimili. Majani yake yakadondoka yakalala chini bila kuoza. Aliyeleta mabadiliko ni jongoo: wakaletwa, wakayala yale majani makavu, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo mtoto anatembea chini ya kivuli pale palipokuwa mwamba mtupu. Wakirudi darasani, wao wenyewe watamwongezea paka swali la tatu: udongo upo?

Swali la nne linatoka mikokoni. Vitabu vingi vya shule huorodhesha bayomu tano, sita au saba, lakini mgawanyo wa shirika la uhifadhi la WWF wa mwaka 2001 una 14 za nchi kavu, na mikoko ni mojawapo. Sisi tumezungukwa nayo, Tudor, Port Reitz, Mtwapa. Nendeni maji yakiwa yamekupwa, pamoja na mtu anayeijua mikoko, mvuvi au fundi wa mashua. Programu ya Seek inamtambulisha mtoto mmea kwa kamera bila kumtaka ajisajili, jambo ninalolithamini sana kwa watoto, ila mara nyingi isipokuwa na hakika huishia kwenye jamii ya mmea. Mzee wa pwani haishii hapo. Shikamoo ikishaitikiwa, atawaambia huu ni mkoko, huu mkandaa wa kujengea, ule mlilana wa mataruma ya mashua. Akifika kwenye mchu, mwombe awape jani. "Haya wajukuu, lambeni." Lina chumvi. Mchu hunywa maji ya bahari na kuitema chumvi kupitia majani. Hilo ndilo swali la nne la paka: maji yana chumvi? Hakuna skrini itakayompa mtoto ladha hiyo, na ndiyo maana napenda simu ibaki mfukoni mpaka jani lishalambwa. Baadaye apige picha mizizi inayochomoza matopeni kuvuta hewa. Picha ziwe za mimea, si za nyuso za watoto.

Shule yenye simu moja tu ya mwalimu inaweza kufanya haya karibu yote. Vizibo, kikombe cha udongo na kipima mvua havidai umeme wa darasani. Scratch inaweza kufanywa kwa kompyuta moja, kila kundi likiandika masharti yake kwenye daftari kwanza, kisha likija kuyajaribu kwa zamu. Kundi linalosubiri likague daftari la jirani, litafute namba itakayomkosesha paka. Masika huku kwetu hushika kasi Aprili na Mei, kwa hiyo chupa ya mvua iwe uwanjani kabla Machi haijaisha, mbali na ukuta na mbali na matawi ya mwembe yanayodondosha matone mvua ikishakatika.