Konkuru ya kuhutubu klabuni: tunayoyaamini na yalivyo hasa

Jumamosi moja ya Februari, katika ukumbi tuliokodi upande wa Kasapa hapa Lubumbashi, msemaji wa nne alikuwa amefika katikati ya hadithi ya bibi yake pale mvua ilipoangukia mabati. Hakusikika tena. Mdomo ulifunguka na kufungwa, mikono ikapaa na kutua, na saa ya mtunza muda ikaendelea kuhesabu. Tulikuwa tumeandaa kila kitu: soda, bango, mgeni rasmi, hata kitambaa cha meza kilichopigwa pasi. Kilichokuwa hakijaandaliwa ni mashindano yenyewe.

Baada ya siku ile nilianza kusoma kanuni kwa utulivu. Nikagundua kwamba karibu kila nilichokiamini juu ya konkuru, yaani mashindano, ya kuhutubu nilikiokota shuleni, kanisani au kwenye mikutano ya siasa, na kingi hakikuwa kweli. Kanuni ninazozizungumzia ni za Toastmasters, mtandao wa vilabu ulioanzishwa na Ralph Smedley huko Santa Ana, California, mwezi wa Oktoba 1924. Klabu yenu haihitaji kuwa ndani ya mtandao huo ili kuzitumia. Ni kanuni za watu waliokwisha kugombana juu ya mambo yaleyale tunayogombania sisi, wakaandika walivyoyamaliza.

"Dakika zinaanza mtu akishamaliza kusalimia"

Hii ndiyo dhana inayotuumiza kuliko zote hapa kwetu, kwa sababu tumelelewa katika heshima. Msemaji anasimama, anarekebisha koti, anaanza: Papa Prezidenti wa klabu, mama mweka hazina, waheshimiwa wa juri, wageni wote, kila mmoja kwa cheo na sifa zake. Akimaliza anavuta pumzi, anaingia katika hotuba, akidhani saa imeanza hapo.

Saa ilianza zamani. Kanuni inasema muda huhesabiwa tangu mawasiliano ya kwanza ya wazi kati ya msemaji na wasikilizaji, yawe ya maneno au ya vitendo. Ukiingia na ngoma ukaipiga mara tatu kabla ya kusema neno, ngoma hiyo ni hotuba. "Papa Prezidenti" ni hotuba pia. Nimewahi kupima salamu za mwenzetu mmoja: sekunde sabini na mbili. Katika hotuba ya dakika saba, huyo ametoa sadaka zaidi ya sehemu moja ya sita ya muda wake kabla hajasema kitu.

Na dakika saba zenyewe watu wanazielewa vibaya. Hotuba ya mashindano makuu hupangiwa dakika 5 hadi 7, lakini asiyetimiza dakika 4 na sekunde 30 anaondolewa, na anayepita dakika 7 na sekunde 30 anaondolewa vilevile. Zile sekunde thelathini za juu ni akiba tu ya usalama, wala si nafasi ya kuongeza mfano wa mwisho. Taa ya kijani huwaka kwenye dakika ya 5, ya njano kwenye ya 6, nyekundu kwenye ya 7, na nyekundu hubaki ikiwaka mpaka mtu amalize. Hakuna kengele, hakuna kumvuta mtu shati, hakuna MC kunong'ona "fupisha, fupisha". Msemaji anaachwa amalize, halafu hesabu inafanyika kimya kimya.

Swali la Lushois, yaani mkazi yeyote wa Lubumbashi, hapa ni moja: umeme ukikatika? Kanuni imelifikiria. Kifaa cha muda au cha ishara kikiharibika, msemaji anapewa sekunde 30 zaidi kabla ya kuondolewa. Sisi tumeacha taa kabisa. Tuna karatasi tatu ngumu, kijani, njano na nyekundu, zimebandikwa kwenye vijiti, na watunza muda wawili, kila mmoja na simu yake. Karatasi haihitaji umeme. Ila mvua juu ya mabati sikuiona katika kanuni hata nilipoitafuta.

"Alama za majaji zinajumlishwa, mwenye nyingi ndiye mshindi"

Hapa naomba uvumilivu, maana hapa ndipo haki inapopatikana au kupotea, na ni watu wachache wanaotaka kukaa na hesabu.

Jaji ana karatasi ya alama mia: 50 za maudhui, 30 za uwasilishaji, 20 za lugha. Watu wakiona mia wanadhani wako shuleni, wanakusanya karatasi zote na kujumlisha. Ndivyo tulivyofanya miaka miwili. Tazama kinachoweza kutokea. Tuna wasemaji watatu: mmoja kaongelea makala (mkaa wa kupikia), mmoja bibi yake, mmoja taksi. Majaji ni watano. Wa kwanza anampa Makala 82 na Bibi 85. Wa pili, 78 na 80. Wa tatu, 80 na 83. Wa nne, 81 na 84. Wote wanne wamemweka Bibi mbele na Taksi nyuma. Halafu anakuja jaji wa tano, ambaye labda anasali kanisa moja na Makala, au labda hadithi za bibi humchosha tu. Anaandika Makala 98, Taksi 72, Bibi 60.

Jumlisha. Makala ana 419, Bibi ana 392. Majaji wanne kati ya watano wamesema Bibi ndiye bora, na Bibi ameshindwa na kalamu ya mtu mmoja.

Katika kanuni, zile alama mia ni za jaji mwenyewe, zimsaidie kufikiri. Haziendi popote. Anachokabidhi ni majina matatu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa kwanza hupewa pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1. Rudia hesabu: Bibi ana nafasi ya kwanza nne na ya tatu moja, yaani 13. Makala ana nafasi ya pili nne na ya kwanza moja, yaani 11. Taksi ana 6. Jaji wa tano bado amesikika, kama wenzake, kwa uzito uleule. Haimsaidii kitu kuandika 98 au 89.

Karatasi isiyo na majina matatu yote, au isiyo na sahihi ya jaji, haihesabiwi. Mjulishe kila jaji jambo hilo kabla, kwa sababu hapa kwetu kuna wazee wanaoona ni aibu kumweka mtoto wa rafiki nafasi ya tatu, basi wanaandika jina moja tu na kufunga kalamu.

Na sare? Yuko jaji mmoja zaidi, anayeteuliwa kwa siri na jaji mkuu wa mashindano, ambaye huwapanga wasemaji wote kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho na kumkabidhi jaji mkuu karatasi yake. Inatazamwa tu kama pointi zimelingana. Tulipoanza kumtumia, ugomvi wa "wagawane zawadi" ukafa wenyewe.

"Juri ni ya wakubwa"

Katika mji wenye chuo kikuu, watu hupenda kuweka mwalimu wa chuo, mchungaji na mwanasheria mezani mbele, wakitazamwa na wote, na kuwaita juri. Hawa ni wageni wazuri wa heshima. Kama majaji wana matatizo mawili. Moja, hawajawahi kuiona karatasi ya alama mpaka wanapokabidhiwa asubuhi ile. Mbili, kila mtu anawajua, na wao wanajua kwamba kila mtu anawajua.

Kanuni inataka majaji wasijulikane pale inapowezekana, wakae wametawanyika ndani ya watu. Jaji wetu bora kabisa ni mama mmoja anayeuza vitenge katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Aliketi na jaji mkuu saa nzima siku ya Alhamisi, akauliza maswali ambayo daktari wa falsafa hakuuliza. Jaji anatakiwa pia asihesabu muda. Hata akiona kadi nyekundu imeinuliwa kitambo, anapima hotuba tu. Habari ya muda ni kati ya watunza muda na jaji mkuu.

"Kifaransa kizito ndicho ufasaha"

Zile alama 20 za lugha zimegawanywa mbili: kumi za usahihi, kumi za kufaa. Kufaa maana yake lugha iendane na jambo na walioketi pale. Anayemwaga maneno makubwa ya Kifaransa mbele ya watu wanaokunja uso hafai, hata kama kila neno ni sahihi. Vivyo hivyo anayetoka na Kiswahili bora cha kitabuni mbele ya vijana wa mtaa wa Katuba wanaokisema kingine kabisa. Tukikubaliana kwamba konkuru ni ya Kiswahili, huwa tunasema mapema ni Kiswahili gani kinachokubalika. Sisi tumeamua: kile ambacho mama yako angekielewa.

"Ukumbi ukilipuka, mshindi amejulikana"

Makofi hayana kisanduku kwenye karatasi. Anayeleta jamaa ishirini ana makofi ya watu ishirini, na sauti hiyo tunaijua vizuri kutoka uwanja wa Kamalondo siku timu yetu ya Mazembe inapocheza. Shida kubwa zaidi ni MC. Wengi wanadhani kazi yake ni kuchangamsha: "Jamani, huyu ametuliza!" baada ya msemaji wa pili, kisha kimya baada ya wa tatu. Ameshapiga kura mbele ya watu.

Mwenyekiti wa mashindano anamtambulisha kila msemaji kwa namna moja isiyobadilika: jina, kichwa cha hotuba, kichwa cha hotuba, jina. Basi. Hakuna "ndugu yetu mpendwa", hakuna kutaja kazi wala kabila wala mwaka aliojiunga. Baada ya kila hotuba kuna dakika moja ya kimya ili majaji waandike. Dakika hiyo huwatesa watu wetu. Mtu lazima aanzishe wimbo. Tumemweka kijana mlangoni ambaye kazi yake yote ni kuweka kidole mdomoni.

Maneno na wasemaji yapo, ila baadaye, majaji wakishatoa karatasi. Hapo mwenyekiti anawaita mmoja mmoja, anawauliza wanatoka wapi na nini kiliwasukuma. Hapo chekeni mnavyotaka. Huo ndio muda wa wahesabu kura kufanya kazi yao chumba cha nyuma.

"Mwenye kigugumizi asijisumbue"

Mwaka 2015 bingwa wa dunia wa Toastmasters alikuwa Mohammed Qahtani wa Saudi Arabia, mtu aliyekua na kigugumizi. Sina la kuongeza.

"Ukiona umeonewa, simama useme"

Malalamiko yana mlango mdogo kwa makusudi. Wanaoruhusiwa ni wasemaji na majaji tu, si shangazi wala kocha. Wanaweza kulalamika juu ya mambo kama haya: kama mtu alistahili kushiriki, na kama hotuba ni yake kweli. Na lazima wafanye hivyo kabla matokeo hayajatangazwa. Hilo la pili linatuhusu sana siku hizi, maana kuna hotuba zinazozunguka kwenye simu kutoka kundi hadi kundi, na wiki mbili baadaye unazisikia jukwaani zikiwa na bibi mwingine. Kunukuu kunaruhusiwa, ila kusipite robo ya hotuba, na mwenye maneno atajwe.

Kuondolewa kwa ajili ya muda kunatangazwa kabla ya washindi, bila kutaja jina. "Kumekuwa na aliyeondolewa kwa muda." Sentensi moja, inatosha. Aliyehusika anajua, na nyumbani anaweza kusema alishika nafasi ya nne.

Turudi kwa yule wa mvua. Mwenyekiti alisimama, akamwambia aanze upya mvua ikipungua. Msemaji wa pili akapinga kwamba mwenzake amepata mazoezi ya bure mbele ya watu. Tukabishana karibu saa nzima, soda zikaisha, mgeni rasmi akaaga. Mwishowe alirudia, akashika nafasi ya pili, na mpaka leo wawili hao hawapandi taksi moja. Mwaka uliofuata tulihamisha konkuru hadi mwezi wa sita, mvua ikiwa imekwisha, na kabla ya kura ya nani ataanza, mwenyekiti anasoma mstari tuliouongeza wenyewe chini ya kanuni: sauti ya msemaji ikizimwa na kitu kisichotoka kinywani mwake, saa inasimama, naye anaendelea pale alipoishia, si mwanzo.