Maharage peke yake hayarutubishi shamba

Huku Moshi tumezoea kusema ukishapanda maharage, udongo umepata mbolea. Si kweli kwa kiasi hicho. Ng'oa mche mmoja wakati wa maua, utaona vinundu mizizini; pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kinanasa naitrojeni ya hewani, kirutubisho ambacho mimea inakihitaji. Kikiwa cheupe au kijivu, hakinasi. Maharage hunasa kidogo, na sehemu kubwa huondoka na mbegu. Halafu tunayang'oa na mizizi, tunayapigia nyumbani, makapi tunampa ng'ombe. Shamba limebaki na nini? Ngwara, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, ni bora zaidi: ipande katikati ya mahindi, iendelee kufunika ardhi baada ya mavuno, kisha ikate na kuacha majani palepale. Na samadi ya yule ng'ombe irudi shambani.