Springi ya Fuso siyo bodi ya roboti

Ujumbe umeingia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa kijana wa Igoma: "Fundi, shikamoo. Nimepata springi za Fuso, pleti tatu nzima. Nataka bodi yote ya roboti yangu ya kupigana iwe springi, wapinzani wakinigonga wasinibonyeze." Marahaba mdogo wangu, ila nimechoka kujibu hili kwenye simu mmoja mmoja. Najibu hapa mara moja, na nitakayemtumia ukurasa huu asinune.

Imani yenyewe ni kwamba chuma kikizidi ugumu, roboti inazidi uimara. Haya, chukua tupa kuukuu. Karakana nzima ni vyuma vichache vigumu kuipita. Iangushe juu ya jiwe, na kwa Mwanza jiwe hulitafuti. Ikitua vibaya inakatika kipande. Chuma kigumu hakikwaruziki wala hakibonyei kirahisi, lakini kuhimili kipigo ni habari nyingine, na mara nyingi ukipandisha kimoja unashusha kingine.

Kabla ya yote, mizani. Anayeanza namshauri daraja la uzito la pauni 3, yaani kilo 1.36, na humo mna kila kitu: bodi, mota, betri, magurudumu, silaha. Sasa kata sahani ya chuma ya sentimita 20 kwa 20, unene milimita 3. Hizo ni gramu 942, na ni sakafu tu, kuta bado. Gramu 418 zilizobaki utazigawaje? Hapo wengi huniambia "basi nitatoboa matundu kupunguza uzito." Yaani unanunua chuma halafu unalipia kukitoa.

Bodi zangu mimi ni za plastiki. Cheka, halafu endelea kusoma. Zile mbao nyeupe za kukatia minofu ya sangara viwandani ni polithilini ngumu, na zikishajaa makovu ya visu hubadilishwa. Ukiipata moja, ioshe kwa sabuni mara mbili, maana harufu haitoki kwa maombi. Sentimita moja ya ujazo haifiki gramu moja, ndiyo maana inaelea ziwani. Ukubwa uleule wa sakafu kwa unene wa milimita 12 ni kama gramu 456. Ikipigwa inabonyea, inameza sehemu ya kipigo, na mota zilizofungwa ndani zinapona. Gundi haiishiki, usipoteze hela yako. Tumia bolti na washa pana (zile pete bapa), la sivyo kichwa cha bolti kitapenya na kutokea upande wa pili.

Halafu kuna hesabu ya unene ambayo watu hawaitaki. Unene wa sahani ukiongezeka mara mbili, ukakamavu wake dhidi ya kupinda unaongezeka mara nane. Alumini kwa uzito uleule inakuwa nene karibu mara tatu kuliko chuma. Kweli yenyewe ni laini kupinda mara tatu, lakini ule unene unalipa deni na chenji inabaki: sahani inakuwa kakamavu kama mara nane. Na jambo linalonikera kuliko yote: kukifanya chuma kuwa kigumu hakukiongezei ukakamavu. Springi ya Fuso na fleti baa laini ya dukani, unene ukiwa mmoja, zinapinda sawasawa chini ya mzigo mdogo. Tofauti ni kwamba springi inarudi. Bodi ya springi itapinda, itabana gurudumu, kisha itanyooka vizuri kabisa wakati wewe umeshapoteza pambano.

Kuhusu alumini kwa haraka: ya fremu za madirisha ni laini, inafaa kushikilia vitu vidogo, ya sufuria za kumimina usiiguse, inapasuka.

Springi ina mahali pake, nao ni silaha ya roboti: upanga unaozunguka. Hapo nakubali kabisa, ni chuma chenye ugumu wa kutosha na kinachovumilia. Tatizo ni mnavyokikata. Utasikia fundi anasema ukikata kwa grainda kikageuka bluu, kimeharibika. Kwa tupa ni kweli. Kwa springi siyo: bluu inatokea kwenye nyuzi 300 hivi za joto, na springi kiwandani ilishapashwa zaidi ya 400 baada ya kuzimwa (kupozwa ghafla ikiwa nyekundu), hivyo bluu haiibabaishi. Kinachoua ni ule ukingo mwembamba unaowaka mwekundu chini ya diski, kisha kijana mwenye haraka anauchovya kwenye ndoo ya maji. Umeshatengeneza kioo. Nyufa zake hutaziona, utazisikia upanga ukigonga kitu. Kata kidogo, pumzika, acha kipoe chenyewe. Jaribu ukingo kwa tupa nzuri: ikiuma kwa shida, sawa; ikiteleza bila kuuma kabisa, saga sehemu hiyo yote uitoe. Na usichomelee springi kwa rodi ya kawaida. Itashika vizuri sana, kisha itakatika milimita chache pembeni ya mshono.

Hapa nina shaka zangu. Springi iliyobeba mizigo miaka yote hiyo kwenye barabara zetu inaweza kuwa na ufa tayari. Mimi naisafisha, naipaka mafuta ya taa, naiacha, naifuta mpaka ikauke, kisha naipaka unga wa chaki. Penye ufa mafuta yanarudi na kuchora mstari kwenye chaki. Ila ufa mwembamba sana au uliofichika ndani haujitokezi, kwa hiyo upanga uliofaulu naupa imani nusu tu.

Mota: ya waipa iache, inakula karibu uzito wa roboti nzima. Ya drili ya betri pamoja na gia zake ni nzuri mno, lakini kwa daraja la kilo 13.6. Betri: seli za laptopu kuukuu zinatoa ampea chache, wakati mota ya droni inayozungusha upanga inaweza kudai 30 kwa mkupuo. Usishangae zikichemka. Tafuta betri ya lipo (lithiamu polima), usiishushe chini ya volti 3 kwa seli, na uichaji nje ya nyumba.

Rimoti ikipoteza mawasiliano, upanga lazima uzimike wenyewe. Hili sijadili.

Mwisho, boksi la kujaribia. Upanga wa sentimita 15 ncha hadi ncha ukizunguka mara 8,000 kwa dakika, ncha yake inakimbia kama kilomita 226 kwa saa. Naona video zenu mkiujaribu uani, watoto wamekaa kwenye ndoo wanatazama. Boksi liwe la polikaboneti, siyo perspeksi ya mabango. Dukani zote mbili zinang'aa sawa na muuzaji atakuapia ni kitu kimoja. Omba kipande chembamba ukikunje kwa koleo, macho umeyakinga: perspeksi itakatika kwa mlio, polikaboneti itajikunja tu.