Kukalia si kuvamia, wala si kunyakua

Juzi nimesikia tena, tena kwa mtu anayeijua historia yake: "Austria-Hungaria iliivamia Bosnia mwaka 1908." Ivamiwe vipi na jeshi ambalo lilikuwa limo humo tangu miaka 30 nyuma?

Maana ya kukalia nchi ni fupi. Nchi inakaliwa kijeshi pale jeshi la dola nyingine linapoishika na kuiendesha, ilhali kisheria mwenyewe bado ni yule yule.

Kinachotuponza ni neno. Kukalia kumetoka kwenye kukaa, na ukikalia kiti cha mtu hakigeuki kuwa chako. Hapo neno limekaa sawasawa. Tabu huanza likiwa "kukaliwa": wilaya inayokaliwa na Waserbia ni wilaya wanamoishi tu, na inayokaliwa na jeshi ni habari nyingine kabisa. Ndiyo maana watangazaji hulibandika "kimabavu", na waliochoka kubandika husema "uvamizi", yakaisha. Lakini kuvamia ni kuingia. Huwezi kuvamia kwa miaka 30. Kunyakua nako, yaani kuitangaza nchi kuwa yako, ni kazi ya mwewe: kifaranga kimekwenda, kuku asitegemee kurudishiwa.

Bosnia ilipitia yote matatu, kwa zamu. Mkutano wa Berlin wa 1878 uliiruhusu Austria-Hungaria iikalie na kuitawala Bosnia na Herzegovina, mkoa wa mpakani wa Milki ya Osmani. Ruhusa ya karatasi haikuwazuia wenyeji kupigana: majeshi yalivuka mpaka mwishoni mwa Julai, na Sarajevo ikatwaliwa Agosti 19 baada ya mapigano ya mtaani. Huo ndio uvamizi.

Kisha ikakaliwa. Mapatano ya 1879 baina ya dola hizo mbili yalisema wazi kwamba haki za Sultani wa Osmani juu ya mkoa hazijaguswa. Jina lake liliruhusiwa kuendelea kutajwa misikitini katika sala ya Ijumaa, na bendera yake kupandishwa minarani palipokuwa na desturi hiyo. Hebu fikiria: gavana anatumwa kutoka Vienna, mji mkuu wa Austria-Hungaria, kodi inakusanywa na maofisa wa Vienna, na Ijumaa imamu anamwombea mtawala aliye Istanbul. Kwangu mimi hakuna fasili inayoishinda picha hiyo.

Oktoba 1908 Kaisari Franz Joseph wa Austria-Hungaria akatangaza kwamba mkoa sasa ni wake. Mitaani Sarajevo askari walikuwa wale wale, kilichobadilika ni mwenye hati. Na hati ilikuwa na thamani: mwaka 1909 Vienna ilikubali kuilipa Istanbul lira milioni 2.5 za Kituruki. Nani hulipia kilicho chake?

Kwa hiyo, ndugu yangu, 1908 iliinyakua. Ukilipenda sana "iliivamia" libakize, ila mwaka uurudishe hadi 1878.