Katsuren: vigae vinavyomtetea Amawari

Kumbukumbu rasmi za ufalme wa Ryukyu, uliotawala visiwa vya Okinawa, zinamtaja Amawari, bwana wa mwisho wa ngome ya Katsuren, kuwa mtu wa fitina na msaliti. Kumbukumbu hizo zilianza kuandikwa mwaka 1650, karibu karne mbili baada ya kuuawa kwake, na walioziandika walikuwa watumishi wa utawala uliorithi ushindi. Kazi yangu ni kuchambua vigae vya vyombo vya kale, na vigae vya Katsuren vinanifanya nimtazame kwa jicho jingine.

Ngome hii iko Okinawa, kusini mwa Japani, juu ya kilima cha karibu mita 100, kwenye rasi inayotenganisha ghuba ya Kin na ghuba ya Nakagusuku. Ilianza kujengwa kati ya karne ya 12 na ya 13, enzi ambayo mabwana walioitwa aji walikuwa wakigombea kisiwa, kila mmoja na ngome yake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, kama zile za Kilwa Kisiwani. Ila Kilwa mawe yalishikwa kwa chokaa. Katsuren yalichongwa yakalaliana yenyewe, na ukuta ukapinda kufuata mgongo wa kilima, ua juu ya ua, hadi kileleni.

Utajiri wake umo udongoni. Wachimbaji wametoa kaure ya kijani ya Longquan, China, aina ileile inayookotwa Kilwa na Gede, pamoja na kaure nyeupe yenye michoro ya buluu ya enzi ya Yuan, ukoo uliotawala China. Hiyo ya pili ilikuwa mali ya wakubwa. Kuna pia vigae vya paa, wakati ambapo Okinawa majengo ya namna hiyo yalikuwa machache mno, yakiwemo ya Shuri, makao ya mfalme, na Urasoe. Hapa palikuwa na bandari inayolipa, na bwana aliyejua kuitumia. Nyimbo za kale za Omoro zinamsifu Amawari waziwazi, na zinaifananisha Katsuren na Kamakura, mji wa watawala wa kijeshi wa Japani.

Sasa tazama mwaka 1458. Mfalme Shō Taikyū alikuwa amemwoza Amawari binti yake, Momotofumiagari. Ng'ambo ya ghuba, katika ngome ya Nakagusuku, alikaa Gosamaru, mkwe wa mfalme huyohuyo kwa upande mwingine, maana binti yake alikuwa malkia. Inasimuliwa kwamba Amawari alimchongea Gosamaru kwa mfalme, naye Gosamaru akashambuliwa na kufa. Kisha Amawari mwenyewe akapanga kuivamia Shuri, mkewe akatoroka usiku kumwonya baba yake, na jeshi la mfalme likaivunja Katsuren. Ndani ya mwaka mmoja mfalme akabaki bila mpinzani hata mmoja wa maana. Mimi siamini kwamba yote hayo yalitokana na tamaa ya mtu mmoja.

Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba sarafu zilizofukuliwa hapo ni pamoja na za Roma ya karne ya 3 na ya 4, na magazeti ya dunia yakazishangilia. Kwangu mimi, ya maana zaidi ni sarafu ya Dola ya Ottoman ya karne ya 17 iliyopatikana pamoja nazo. Ilitua kilimani muda mrefu baada ya Amawari, kwa hiyo watu hawakuacha kupanda Katsuren hata ilipokwisha kuwa magofu.